Programu na ramani za bahari kwa boti ndogo: Dar, Unguja na Mafia

Tanga_Mbili: Wakuu, boti ni ya futi 30, njia ni Dar–Unguja na mara mojamoja Mafia. Laptopu ya Windows itakaa ndani, simu iwe ya akiba. OpenCPN, programu ya bure ya kuongozea chombo kwa ramani, inatosha, au ninunue programu? Na ramani za maji yetu nazipata wapi?

Pepo_Mwanana: Anza na ramani, mkuu. OpenCPN inatosha kabisa ila inakuja tupu. Ramani za bure zinazosifiwa mtandaoni ni za NOAA, shirika la serikali ya Marekani, na hizo ni za maji ya huko. Huku utanunua seti za o-charts, duka la ramani la mtandaoni, zinazofunguka ndani ya OpenCPN, au ulipie ya mwaka programu ya ramani ya Navionics kwenye simu. Kabla ya kulipa, kagua mipaka ya seti: isiwe na ramani ya jumla ya pwani peke yake.

Kisha angalia skeli. Kwenye 1:50,000, mstari wa nusu milimita ni mita 25 baharini. Ukikuza hadi 1:5,000 mwamba utaonekana mkubwa, lakini usahihi ni uleule. Washa pia onyesho la ubora wa upimaji: eneo la daraja C linaruhusu kosa la mita 500, na D ni baya zaidi.

Picha za ramani kongwe zinazogawiwa bure kwenye magrupu, achana nazo. Zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, na huo na WGS84 inayotumiwa na GPS vinapishana takriban mita 300 ukanda huu. Fungu zima linahama.

Fundi_Waya: GPS ya USB ina ugonjwa mmoja kwenye Windows. Ukiwasha laptopu ikiwa imechomekwa, Windows huidhania kipanya, mshale unarukaruka na kufungua mafaili ovyo. Ingia Device Manager, kwenye orodha ya vipanya zima kile cha "Serial BallPoint". Usikifute, maana kitarudi. Halafu kwenye OpenCPN ongeza muunganisho, chagua namba ya COM (mlango ambao Windows imeipa GPS), kasi ya data 4800. Alama ya chombo ikibaki kijivu, hakuna GPS inayosomwa.

Tanga_Mbili: Asante. Na umeme? Betri ni moja, 100 Ah (ampea-saa), ya asidi.

Fundi_Waya: Laptopu ya wati 45 inakula ampea 4 hadi 5 kwenye volti 12. Saa sita ni kama Ah 27, na betri hiyo usiishushe chini ya nusu. Tumia chaja ya DC inayochukua volti 12 moja kwa moja, si inveta. Afadhali uongeze betri nyingine ya kuwashia injini, la sivyo kila ukipiga stata volti inashuka na GPS inakatika.

Mwamba_Mweusi: Nyongeza: kina cha kwenye ramani huhesabiwa maji yakiwa yamekupwa sana, na bamvua za Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Weka jedwali la maji la bandari unayokwenda. Kwenye mafungu ya Mafia, pakia pia picha za setilaiti za MBTiles (aina ya faili inayofunguka ndani ya OpenCPN), uzilinganishe na ramani kabla ya kung'oa nanga. Kupita kwenyewe iwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa mgongoni, mtu mmoja amesimama omoni.