Mdalasini mzima kuingiza Kenya: Vietnam, Sri Lanka au Tanga?

BintiKisauni
Salamu wanajamvi. Nina duka la viungo Mombasa, nauza rejareja na kupelekea hoteli chache. Mdalasini nauchukua kwa jumla Marikiti, ila sasa nataka kuagiza mwenyewe, mzima, si wa unga. Nina njia tatu. Wa Vietnam bei yake kwenye karatasi ni ndogo mno. Wa Sri Lanka bei inanitisha. Wa Muheza, huko Tanga, uko karibu, lakini kila gunia lina sura yake. Nyinyi mnaoingiza mnapimaje? Naomba hesabu, sifa za nchi nimeshazisikia.

MzeeWaBandarini
Karibu, binti yangu. Bei za wauzaji usizilinganishe mpaka zote uzifikishe ghalani kwako. Ushuru Kenya hutozwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima mpaka Mombasa. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ngazi ya nne ya ushuru, 35%, na viungo vimetajwa humo. Ongeza ada ya tamko la uagizaji 2.5% na tozo ya reli 2%. Mzigo uliotua kwa dola 10,000 unabeba dola 3,950 nyingine, na hapo VAT sijaigusa wala wakala hujamlipa.

Mwambie wakala akusomee mstari wenyewe: 0906.11 ni mdalasini wa jamii ya Sri Lanka usiosagwa, 0906.19 ni jamii nyingine. Asome upya kila baada ya bajeti ya Juni, viwango hubadilika. Mzigo wa Tanzania wenye cheti cha uasili haulipi ushuru huo wa forodha. Sasa rudia kulinganisha.

MpakiajiThika
Mzee amesema kweli, lakini hata baada ya ushuru, Vietnam bado iko chini kwa anayepakia wingi. Mwaka 2024 waliuza nje karibu tani 100,000 kwa takriban dola milioni 275. Gawanya: kama dola 2.75 kwa kilo, wastani wa aina zote. Mwaka 2022 tani zilikuwa chache na wastani ulikuwa juu zaidi. Miti iliyopandwa kwa wingi imekomaa, mzigo umejaa sokoni. Sri Lanka huuza nje tani zisizofika 20,000 kwa mwaka na kupata zaidi ya dola milioni 200, yaani kilo inapita dola 10.

Jambo ambalo waagizaji wapya hulisahau ni shilingi. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, katikati ya mwaka ikawa kama 130. Kilo ile ile ya dola 2.75 ilikuwa shilingi 440, ikawa kama 358, bila mkulima wa Yen Bai, kule Vietnam, kupunguza hata senti. Ukiona bei ya jumla Nairobi imeshuka, usidhani ni mavuno peke yake.

Na kwa pilau mimi nasimama na gome nene. Linavumilia moto mrefu na harufu yake ni kali. Ule mwembamba wa Sri Lanka huachana sufuriani.

DianiJikoni
Kaka, pilau sawa, lakini si kila mteja anapika pilau. Mimi nahudumia hoteli za Ukunda na Diani. Wageni wa Ulaya huuliza ni mdalasini gani, kwa sababu ya kumarini, kemikali ya asili iliyomo kwenye gome, inayoweza kudhuru ini ikizidi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kiwango cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 mwisho wake ni miligramu 6. Gome la Vietnam, China na Indonesia lina kumarini nyingi; la Sri Lanka lina chembe tu. Anayekunywa mdalasini asubuhi na jioni kama dawa, huyo ndiye ninayemhofia, na Mombasa wako wengi. Naomba muuzaji yeyote awaambie wateja wake wazi anawauzia upi.

Sri Lanka usinunue daraja la juu kabisa. Alba ni kijiti kisichozidi milimita 6, unalipia uzuri wa kuonyesha mezani. Kwa chai na mapishi, madaraja manene yanatosha kabisa.

MkulimaMuheza
Dada BintiKisauni, hilo la gunia kuwa na sura tofauti ni kweli, na dawa yake ipo. Huku tarafa ya Amani tunabandua wakati wa mvua, kwa kuwa gome ndipo linapoachia. Shida inakuja kwenye kukausha: jua hakuna, wengine wanaanika chini, ukungu unaingia. Usinunue sokoni mzigo uliochanganywa. Tafuta kikundi, kubalianeni urefu na unene, walipe zaidi kwa uliokaushwa kichanjani, na uvunje vijiti wewe mwenyewe kabla ya kupakia. Kikavu kinakatika kwa mlio, kibichi kinapinda.

Mzigo usiozidi dola 2,000 unapita Horohoro kwa cheti chepesi cha uasili, kinachotolewa pale pale mpakani. Kontena hulihitaji.

MpakiajiThika
Ndugu yangu Muheza, nipe tani kumi zinazofanana, mwezi wowote nitakaohitaji, nitahama kesho. Hilo ndilo linalonirudisha Vietnam.

MzeeWaBandarini
Na kontena lenyewe pia lihesabiwe. Mdalasini uliokunjwa ni mwepesi na unakula nafasi. Kontena linajaa kabla ya uzito kutimia, nauli kwa kilo inapanda. Vipande bapa vilivyobanwa katoni vinaingia vingi zaidi. Muulize muuzaji kilo ngapi zinaingia futi 20, usimuulize bei peke yake.

BintiKisauni
Shukrani nyote, Mzee hasa. Kwa ukubwa wa duka langu kontena la Vietnam litanilalia ghalani, kwa hiyo huo nitaendelea kuuchukua Marikiti. Naanza na Muheza, chini ya dola 2,000, na wa Sri Lanka kidogo kwa hoteli zitakazolipia kabla. Na nitaviweka kwenye mitungi tofauti yenye majina. MkulimaMuheza, kikundi chenu kinabandua tena vuli hii?

MkulimaMuheza
Ndiyo, mvua zikianza. Njoo kabla, uone vichanja vyenyewe.