Buthi ya vokali ya kubebeka kwa bei ya kawaida: mablanketi, kisanduku cha sponji, ngao ya maiki au kabati?

Geto_Rekodi
Wakuu, habari za jioni. Nimepanga chumba kimoja Mbagala, futi kumi kwa kumi, kuta za saruji, chini vigae, juu jipsamu. Nina maiki ya kondensa (ile nyepesi kunasa hata sauti ndogo), intafesi ya njia mbili ya kuunganisha maiki na laptopu, na laptopu yenyewe. Biti zinatoka vizuri, ila vokali zikiingia wimbo wote unasikika kama umerekodiwa msalani. Kugongelea kitu ukutani siwezi, mwenye nyumba hataki hata msumari wa kalenda. Halafu wikiendi nawafuata wasanii makwao, kwa hiyo nataka kitu cha kufungua, kufunga na kupakia kwenye bajaji.

Mpaka sasa nazungukia haya: fremu ya mabomba ya plastiki na mablanketi, kisanduku chenye sponji ndani unachoingiza maiki, ile ngao ya nusu duara inayokaa nyuma ya maiki, au nifungue kabati la nguo niimbie humo. Jirani yangu anasisitiza trei za mayai, anazo bure. Mfukoni nina laki moja na nusu. Aliyewahi kutumia zaidi ya kimoja anipe ulinganisho.

Kipaza_Nyegezi
Trei za mayai mrudishie jirani. Karatasi yenyewe nyepesi, inakata makali kidogo ya juu na kuiacha sauti ya kati na besi izunguke chumbani kama kawaida. Utakuwa umefuga mende na umeweka kitu kinachoshika moto haraka, na vokali bado itasikika vilevile.

Ukienda kununua chochote, iwe sponji, blanketi au pazia, kibandike mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa shida kidogo, hicho kinafaa, kwa sababu sauti inapoteza nguvu hewa inapojisugua ndani ya vijitundu. Pumzi isipopita kabisa, kama kwenye yale maboksi meupe ya kufungia televisheni, umeshika plastiki tu.

Mixa_Kkoo
Mimi ngao ninayo, na kisanduku nimekitumia studio ya rafiki. Nianze na ngao maana ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi.

Maiki yako ya kondensa karibu hakika ni kardioidi, yaani inasikia mbele na upande wa nyuma haisikii vizuri. Sasa ngao inakaa nyuma ya maiki, sehemu ambayo maiki yenyewe tayari imeziba masikio. Faida inayobaki ni kwamba inazuia sehemu ya sauti yako isifike ukuta wa mbele, basi. Ile inayokwenda ukuta wa nyuma yako, ikagonga saruji na kurudi, inaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa maiki. Umenunua kinga ya mlango wa nyuma na mlango wa mbele uko wazi.

Kwa hiyo kama una kitu kimoja tu laini humo ndani, kiweke NYUMA YA MWIMBAJI. Jaribio la bure: leo usiku simamisha godoro ulilolalia nyuma ya mgongo wako, maiki ikikutazama wewe na godoro. Rekodi mstari mmoja. Halafu lihamishie nyuma ya maiki, rekodi mstari uleule kwa umbali uleule. Sikiliza na hedifoni. Usiponiamini baada ya hapo, uzi huu naufunga mimi.

Na ngao ni nzito jamani. Stendi za bei rahisi zinainama polepole, mwishoni mwa ubeti wa pili maiki inatazama kifua.

Geto_Rekodi
Mkuu Mixa, godoro langu ni la sponji, inchi nne. Linatosha?

Mixa_Kkoo
Linatosha kuanzia, ila usilibandike ukutani. Liache mbali na ukuta kama sentimita 10.

Mwl_Mawimbi
Naomba niongezee hapo kwa nini, maana ndiyo siri inayookoa pesa. Karibu kabisa na ukuta hewa haitikisiki sana. Inatikisika zaidi ukiwa robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, sponji ya sentimita 10 iliyogusa ukuta inafikia robo hiyo kwenye Hz 850 hivi (Hz ni mitikisiko kwa sekunde). Ukiivuta sentimita 10, uso wake uko sentimita 20 kutoka ukutani na unashuka hadi Hz 430. Hujaongeza hata shilingi. Ndiyo maana ile sponji nyembamba ya inchi moja, yenye mapembe mapembe, iliyogundishwa ukutani inaua makali tu: sauti inakuwa butu, na ule mvumo wa chini unabaki palepale.

Besi yenyewe msiihangaikie. Hz 100 ina wimbi la mita 3.4, robo yake ni sentimita 85. Hakuna blanketi la bajaji litakaloigusa. Sauti ya msingi ya mwanamume mtu mzima inaanzia Hz 85 hivi, kwa hiyo kata chini ya 80 kwenye programu, na kwa kinachobaki, sogeza maiki mahali pengine ndani ya chumba. Katikati kabisa ya chumba cha mraba ni mahali pabaya.

Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1895, alipewa kazi ya ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mwangwi mbaya. Alifanya nini? Usiku alibeba matakia ya viti kutoka jumba la maonyesho la jirani, akawa anayaongeza ukumbini na kupima mwangwi unapungua vipi. Kanuni tunayotumia hadi leo ilitoka kwenye matakia. Kwa kanuni hiyo chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2.7, saruji tupu bila kitu, mwangwi wake kwenye karatasi unazidi sekunde 2. Tundika mita 6 za mraba za blanketi zito, unashuka chini ya sekunde moja. Kitanda, nguo na wewe mwenyewe mnapunguza tena.

Kipaza_Nyegezi
Mwalimu leo katupa kipindi cha mara mbili 😂

Sauti_Mvita
Hamjambo nyote. Mie siimbi, kazi yangu ni kusoma: matangazo, mafunzo, vitabu vya sauti. Niko Mombasa, nimepitia kabati na kisanduku, na mablanketi ninayo sasa hivi.

Kabati mnalidharau bure. Nguo zilizotundikwa kwa unene tofauti ni kinyonyaji kizuri, na hulipi kitu. Lakini watu hulitumia kinyume: wanafungua milango na kuimba wakilitazama. Kwa kardioidi, geuka. Kabati liwe mgongoni, maiki ikutazame wewe na nguo. Shida yake ni kwamba halibebeki, na kabati la chuma au lenye nguo chache litakupigia kengele.

Kisanduku ndicho ninachosafiri nacho, lakini hakiko vile mnavyofikiri. Kikiwa kidogo, kuta zake ziko sentimita kumi na tano kutoka kwa maiki, na sponji nyembamba haizuii sauti ya kati. Inagonga, inarudi mapema mno, inajichanganya na sauti halisi, na matokeo yake ni ile sauti ya kusemea ndani ya debe. Kifanye kikubwa, angalau nusu mita kila upande, sponji nene ya inchi tatu au nne, na maiki ikae karibu na mdomo wa kisanduku, isizamishwe ndani. Halafu bado utahitaji kitu nyuma yako. Hotelini mie hutundika duveti kwenye mlango wa bafu na kuketi nikiliegemeza mgongo. Ukifika hapo unajiuliza kisanduku ulikibebea nini.

Kwa wale wa kusoma vitabu: ACX, jukwaa la mtandaoni la kutengeneza vitabu vya sauti, wanataka kelele ya chumba isizidi −60 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), wastani wa sauti uwe kati ya −23 na −18, kilele kisipite −3. Wimbo wenye ngoma hausumbuki hivyo, kelele inafichwa na biti. Kwa hiyo Geto, usijitese kwa masharti ya kazi yangu.

Geto_Rekodi
Asante sana dada. Sasa kuhusu kelele: hapa nje ni bodaboda, fremu ya kinyozi yenye spika, na jogoo asiyejua saa. Mablanketi yatazuia?

Sauti_Mvita
Hapana, kakangu. Kumeza mwangwi wa ndani ni kazi moja, kuzuia kelele ya nje ni nyingine. Ya pili inataka uzito na kuziba kila upenyo, yaani ukuta mwingine. Mablanketi yatapunguza kidogo makali ya nje, mvumo wa pikipiki utapita. Tafuta saa. Mie hurekodi baina ya adhana ya alfajiri na watoto kuamka, feni imezimwa, friji imechomolewa. (Weka ufunguo wa nyumba ndani ya friji, ndipo hutasahau kuiwasha tena.)

Fundi_Bomba77
Sasa tuingie kazini. Fremu nimeshawafungia wasanii kadhaa, nawapa vipimo.

Mita 1 kwa 1, urefu mita 2, pande tatu zenye blanketi na upande mmoja wazi. Nguzo nne ni mita 8, juu mita 4, chini pande tatu mita 3. Jumla 15. Bomba la maji la plastiki linauzwa la mita 6, kwa hiyo matatu yanatosha na kipande kinabaki. Chukua la inchi moja. La nusu inchi linapinda blanketi likishapanda. Kona za njia tatu ni adimu madukani, nami natumia tii na elbo pamoja: nguzo inapita kwenye tii, tii inatoa bomba la upande mmoja, juu yake kipande kifupi halafu elbo inayotoa upande wa pili. Mabomba ya juu yatapishana kimo kidogo, haidhuru. Elbo 8, tii 6. Kila nguzo ikate katikati uiunge kwa soketi, ndipo mzigo wote unakuwa wa mita moja na bajaji inakubali.

GUNDI USITIE. Yakibana kwa mkono yanatosha, na ndiyo maana ya kubebeka.

Blanketi: mitumba, yale mazito ya sufu, ukishindwa hata duveti. Yawe tabaka mbili, na ukiweza uache nafasi ya vidole vinne kati ya la kwanza na la pili. Mpelekee fundi cherehani akukunjie pindo juu ya kupitisha bomba. Vibanio navyo vinafaa ila vinaanguka katikati ya teki. Moja liwe la kufunika juu, hasa kwa jipsamu iliyo chini, na kipande cha zulia chini ya miguu.

Bei hubadilika soko na soko, lakini laki moja na nusu kwa mitumba ya kuchagua inaingia. Mabomba siyo yanayokula hela, mablanketi ndiyo.

Mixa_Kkoo
Fundi umemaliza. Nyongeza moja: upande ulio wazi uwe nyuma ya maiki, siyo nyuma ya mwimbaji. Mgongo wake ukae kwenye kona yenye blanketi, maiki iwe kwenye uwazi ikimtazama yeye. Wengi wanafunga fremu safi halafu wanamsimamisha mtu amegeuza mgongo nje.

Bei_Poa
Mnahangaika. Auze hiyo kondensa anunue dainamiki, ile maiki ngumu ya jukwaani, mambo yaishe. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na watu wanaimbia popote, hata kwenye jukwaa la singeli.

Mwl_Mawimbi
Nusu kweli. Dainamiki haijui kuchagua sauti yako na kuacha ya ukuta. Inachofanya ni kukubali mdomo uwe karibu sana bila kulalamika, na ukaribu ndio unaofanya kazi. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda dB 6 huku ya chumba ikibaki ilipokuwa. Fanya hivyo hata na kondensa: shubiri moja, popfilta (kichujio cha pumzi ya mdomo) katikati, geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) chini. Ukiimba kutoka mkono mzima, hakuna blanketi la kukuokoa.

Bei_Poa
Sawa, ila hata hiyo nusu ni nafuu kuliko mabomba. Kwa rapa mwenye sauti nzito bado naisimamia dainamiki.

Kipaza_Nyegezi
Kwa rapa nakubali. Kwa dada anayeimba kwa pumzi, laini, utaongeza geini mpaka intafesi ianze kushhh.

Mzee_wa_Kaseti
Vijana, moto. Sponji ya godoro ikishika haisubiri, na moshi wake unaua kabla ya moto. Mwaka 2003 kwenye klabu moja Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti. Walikufa watu 100. Ndani ya buthi hakuna mshumaa umeme ukikatika, hakuna balbu ya joto, hakuna sigara. Taa ya LED ya betri, na waya wa upanuzi ubaki nje.

Na joto. Kwa Dar mwezi wa pili, mtu chini ya mablanketi mawili na feni imezimwa hamalizi wimbo. Rekodi ubeti, fungua la juu, apumue, endelea. Sauti ya msanii aliyechoka ndiyo huwa mnakuja kuuliza humu mnarekebishaje.

Geto_Rekodi
Nimefanya jaribio la godoro alilosema Mixa. Godoro mgongoni: maneno yako mbele, mkia wa mwangwi umekatika. Godoro nyuma ya maiki: tofauti na bila godoro ni ndogo sana, ilibidi nirudie kusikiliza. Ngao nimeifuta kwenye orodha, na kisanduku pia.

Naenda na fremu ya Fundi, ila nafikiria kuanza na pande mbili tu za nyuma, kona ya L, halafu la tatu na la juu mwisho wa mwezi. Fundi, fremu ya pande mbili itasimama yenyewe?

Fundi_Bomba77
Itasimama, lakini nguzo ya mbele usiiache. Funga fremu yote kama nilivyoandika, tundika mablanketi mawili sasa. Ukiacha nguzo blanketi litaivuta fremu yote chini. Chupa za maji za lita moja na nusu, zijaze mchanga, zifunge kwenye miguu ya nyuma.

Sauti_Mvita
Na blanketi la mtumba lifue kwanza, ulianike jua kamili. Vumbi lake likimshika mwimbaji kooni, siku imekwisha.