Naomba ushauri: Chaser au Impreza kwa mtu wa Tabora?

Habari zenu wakuu. Nipo Tabora mjini, nimedunduliza miaka minne, sasa nataka gari ya kukimbia. Zimebaki mbili: Toyota Chaser JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE, cc 2,500 na turbo, inayosukumwa na matairi ya nyuma, na Subaru Impreza WRX, cc 2,000, turbo pia, inayotumia matairi yote manne. Mustang V8 naiachia ndotoni.

Chaser nimeijaribu juzi. Ule mluzi wa turbo ulinisisimua mwili mzima! Ila bodi imeshushwa chini, tuta la kwanza tu ekzosi ikakwaruza, mwenye gari akanikodolea macho kama mimi ndiye niliyelijenga. Na kila mwezi lazima niende kijijini, kipande cha mwisho ni mchanga mtupu.

Nimeuliza mafundi wawili. Mmoja hataki kusikia injini ya boksa ya Subaru, ile ambayo silinda zake zimelala kulia na kushoto, eti hata kubadili plagi ni kuhangaika pembeni mwa bodi. Mwingine anasema Chaser kwenye mchanga nitasukuma mwenyewe.

Aliyewahi kuimiliki Chaser huku bara: nikiirudishia springi za kawaida, itanifaa? Na zaidi ya kupima kompresheni, nikague nini kwenye turbo kabla sijatoa hela?