Kusafisha nyumba ya mawe baada ya masika: siki, ndimu, majivu au chokaa?

Mpangaji wa Mji wa Kale (Mombasa)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaishi katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, na kwa kuwa mvua za masika zimepungua, ninataka kuisafisha nyumba nzima, kuanzia tandabui za darini hadi sakafu. Mtoto wangu ana pumu, na dawa kali za dukani humbana kifua, kwa hiyo ningependa kutumia vitu vya bei nafuu ambavyo karibu vyote vimo jikoni: siki, ndimu, chumvi, bikaboneti, magadi na majivu.

Shida kubwa iko chumbani. Nyuma ya kabati la nguo pameota ukungu mweusi, unaoanzia sakafuni na kupanda hadi usawa wa magoti, na nguo zilizomo kabatini zinanuka uvundo. Zaidi ya hayo, birika limejaa ganda jeupe kwa sababu tunatumia maji ya kisima, na sufuria zina masizi nje na weusi ndani. Jirani yangu amenishauri nichanganye siki na bikaboneti, niongeze jiki kidogo, kisha ninyunyize ukutani. Je, ushauri huo ni salama?

Fundi wa chokaa (Unguja)

Wa alaykumu s-salaam, dada yangu. Mchanganyiko huo usiutumie kabisa. Walio na elimu ya kemia watakueleza sababu. Mimi nitazungumzia ukuta, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Chokaa ikishapakwa ukutani na kukauka, hurudi kuwa jiwe la jamii ile ile ya matumbawe yaliyojengea nyumba yenyewe. Jiwe hilo huliwa na kila kitu kichachu. Ukimwaga siki au ndimu juu yake utaona vipovu vidogo vikichemka, na vipovu hivyo ni ukuta wenyewe unaoyeyuka, wala si uchafu unaotoka. Kwa hiyo siki, ambayo watu wengi huisifu kwa kuondoa ukungu, haifai kwa ukuta wako hata kidogo.

Tazama pia jinsi ukungu ulivyokaa. Ukungu unaoanzia sakafuni na kuishia magotini mara nyingi huonyesha kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, na wazee waliojenga nyumba hizi walilijua jambo hilo. Chokaa huyaruhusu maji hayo kutoka polepole na kukaukia hewani. Tatizo huja pale mtu anapoziba sehemu ya chini kwa saruji au kuipaka rangi ya plastiki, kwa sababu unyevu hukosa njia ya kutokea, ukabaki ndani ya ukuta na kuulisha ukungu mwaka hadi mwaka.

Ninavyokushauri ni hivi. Mtoto asiwepo chumbani. Lisogeze kabati mbali na ukuta, angalau shubiri moja, na usilirudishe tena mahali pake pa zamani. Usiupige ukungu brashi ungali mkavu, kwa kuwa vumbi lake litaruka na kuingia vifuani. Uloweshe kwanza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, uusugue taratibu kwa brashi laini, ukiwa umefunika pua na mdomo, kisha kitambaa hicho ukitupe. Fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana ili upepo wa kusi upite, na uuache ukuta ukauke vizuri kwa siku kadhaa, hata kama utaona tayari umeng'aa. Baada ya hapo paka chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikachemka na kupoa, nyepesi kama maziwa, mikono miwili au mitatu, kila mkono ukauke kabla ya kupaka mwingine. Chokaa iliyopakwa karibuni ni kali kiasi kwamba ukungu hauoti juu yake kwa urahisi, na bei yake haifikii ya rangi. Hata hivyo huunguza macho na ngozi, kwa hiyo vaa glavu, kinga macho, na usijaribu kuizima mwenyewe nyumbani. Nunua iliyokwisha kuzimwa.

Mwambie pia mwenye nyumba aangalie maji ya paa yanaangukia wapi huko nje. Yakiwa yanaangukia kwenye msingi, utasugua kila mwaka.

Mama wa Tanga

Mwanangu, nami nikusaidie upande wa jikoni. Lile ganda la birika ni madini yale yale ya chokaa yaliyokuwa ndani ya maji ya kisima, kwa hiyo uchachu unaoharibu ukuta ndio utakaolisafisha birika. Kamua ndimu mbili tatu, ongeza maji hadi yafunike ganda, chemsha, halafu uyaache humo hadi yapoe. Ganda litakuwa limelainika au limebanduka vipande vipande. Suuza, kisha chemsha maji matupu na kuyamwaga kabla ya kupika chai.

Kwa masizi ya nje ya sufuria, sijaona kinachoshinda majivu. Yachunge ili upate unga laini usio na vijiwe vya kukwaruza, uyaloweshe kidogo na usugulie kwa kumbi la nazi au dodoki. Ukipika kwa kuni, paka tope la majivu nje ya sufuria kabla ya kuiteleka. Masizi yatashika kwenye majivu, na ukiosha yatatoka pamoja nayo.

Weusi wa ndani ya sufuria za alumini ni jambo jingine. Wengi hukimbilia magadi, na magadi ndiyo yanayozidi kuitia weusi na kuila. Chemsha ukwaju au maganda ya ndimu ndani yake, utaona weupe ukirudi wenyewe bila kusugua sana. Magadi yaweke kwa ajili ya mafuta yaliyoganda kwenye vigae vya jikoni: yayeyushe katika maji ya moto, vaa glavu, pakaza, subiri kidogo, halafu ufute na kusuuza. Ukwaju huo huo pamoja na chumvi husafisha madele na sinia za shaba, mradi usuuze upesi na kukausha vizuri, maana uchachu ukikaa juu ya shaba huiacha na mabaka.

Mpangaji wa Mji wa Kale

Ahsanteni sana. Nimeanza na birika, na ganda limetoka lote. Nina maswali mawili: sakafu ya sebuleni ni ya terazo, je, niipanguse kwa siki? Na kabati la nguo nilifanyeje? Nilidhani nilifukize udi.

Mwalimu wa kemia (Dar es Salaam)

Dada, nianze na ule mchanganyiko wa jirani. Siki ni asidi, yaani kitu kichachu, na bikaboneti ni besi, yaani kinyume cha asidi. Zikikutana huuana nguvu, na baada ya mapovu kwisha hubaki karibu maji matupu yenye chumvi kidogo. Kwa hiyo kila kimoja kitumike peke yake. Hatari iko kwenye jiki: ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, ambayo humwumiza kifua hata mtu mzima mwenye afya, sembuse mtoto mwenye pumu.

Terazo ina vipande vya marumaru ndani ya saruji, na vyote viwili huliwa na asidi. Ukipangusa kwa siki, mng'ao utafifia na hautarudi bila fundi wa kusugua kwa mashine. Deki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha suuza kwa maji safi.

Kabati litoe vitu vyote. Nguo zifue na kuzianika juani hadi zikauke kabisa. Godoro pia liegemeze juani. Mbao za ndani unaweza kuzifuta kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mtoto akiwa chumba kingine na madirisha yakiwa wazi, kwa kuwa hata mvuke wa siki huweza kumsumbua. Acha milango wazi hadi mbao zikauke, kisha weka bakuli la bikaboneti kavu ndani ili inyonye harufu. Kwa wadudu, wengi huweka majani makavu ya mwarobaini au karafuu zilizofungwa kitambaani. Udi sikushauri: hufunika uvundo tu bila kuondoa unyevu, na moshi wake ni mzito kwa mwenye pumu.

Neno moja zaidi, kwa kuwa ni la afya: siki haitoshi kuua vijidudu chooni au nyumbani penye mgonjwa wa kuhara. Hapo jiki iliyozimuliwa kwa maji, kama maelezo ya chupa yanavyosema, ina kazi yake, ila itumike peke yake.

Fundi wa chokaa (Unguja)

Nimesahau kukueleza namna ya kuutambua ukuta wako. Pitisha kiganja sehemu kavu: chokaa huacha unga mweupe mkononi, rangi ya plastiki haiachi. Kisha dondoshea tone la maji. Likinywewa, ukuta unapumua, na likiteleza kwenda chini, kuna rangi ya plastiki ambayo itabidi ibanduliwe kabla ya kupaka chokaa, la sivyo haitashika.