Simu za bei chee kutoka nje: zizimwe mtandaoni, au aliyenunua aachiwe msalaba wake?

Mleta mada

Wadau, salaam. Hii hoja haifi. Kila baada ya muda linaibuka kundi linalotaka mitandao ifungie simu za bei ya chini zinazoingizwa bila IMEI halali (ile namba ya utambulisho ya kila simu) au bila kupita kwenye ukaguzi wowote, zisishike laini kabisa. Na si maneno matupu, limeshafanyika. India walifunga mwaka 2009, Kenya 2012, Tanzania wakazima usiku wa Juni 16, 2016.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunirushia mawe ajue pa kulenga: sikubaliani na kuzima. Ni kumpiga mara ya pili mtu ambaye ameshapigwa.

Nasema hivyo kwa sababu nimepigwa. Nilinunua simu, boksi linasema gigabaiti 256. Nikafungua mipangilio, nako 256. Basi nikatembea kifua mbele kama mtu aliyeokota. Baada ya miezi miwili hivi, mwanangu anapiga hatua zake za kwanza, natoa simu nimrekodi, nabonyeza, inaniambia nafasi ya kuhifadhi haitoshi. Haitoshi vipi? Naingia mipangilio, inasema zimebaki gigabaiti 231. Mtoto akaanguka, akalia, akabebwa na mama yake, mimi bado nabishana na kioo.

Jamaa mmoja akanielekeza nipakue programu inayosoma vifaa vya ndani moja kwa moja badala ya kuuliza mipangilio. Ukweli ukatoka: gigabaiti 16. Hiyo 256 ilikuwa maandishi tu, mtu kaingia kwenye mfumo akaandika anachotaka kama unavyobadilisha jina la laini. Mipangilio ilisema Android 13, programu ikasema kiwango cha API, yaani namba inayoonyesha toleo halisi la Android, ni 27. API 27 ni Android 8.1, toleo la Desemba 2017. Yaani mpaka umri walikuwa wameudanganya.

Muuzaji sikumpata tena. Sasa niambieni, siku mtandao ukiifungia ile simu, nani anaumia? Aliyeitengeneza ameshakula chake. Aliyeiingiza kala. Aliyeiuza kabadilisha namba. Ninayebaki na kipande cha plastiki mkononi ni mimi.

Ninachotaka ni vita ipiganwe mlangoni, kabla simu haijafika kwa mtu. Boksi liandike masafa ambayo simu inashika, hifadhi halisi, na tarehe ya mwisho ya kupata masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya tangu Juni 20, 2025 unambana anayeingiza simu mpya sokoni: masasisho ya mfumo yasiishe kabla ya miaka 5 tangu aache kuuza modeli hiyo, na vipuri vya muhimu vipatikane miaka 7. Huko anayebanwa ni mwenye mali, siyo mteja. Naomba kuwasilisha.

Fundi

Mkuu, pole kwa yaliyokukuta, ila kwenye kuzima umechemka. Mimi naishi na hizi simu. Hapa mezani zipo tano.

Unaiongelea IMEI kama karatasi ya ushuru. IMEI ni tarakimu 15. Nane za mwanzo zinasema ni modeli gani, zinagawiwa chini ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, sita zinazofuata ni za simu yako wewe, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Maana yake duniani isiwepo simu nyingine yenye namba hiyo. Mimi nimeshabonyeza *#06#, inayoonyesha IMEI, kwenye simu mbili za majina tofauti, wateja tofauti, zikatoa namba moja, tarakimu kwa tarakimu. Ya kwako ikiibiwa ukaomba ifungiwe, unamfungia na mwenzako asiye na kosa. Na mwizi akipiga simu ya vitisho kwa simu ya aina hiyo, anayetafutwa anaweza kuwa wewe.

Hilo bado dogo. Kubwa ni wadudu, yaani programu za wizi na upelelezi, wanaokuja na simu kutoka kiwandani. Mwaka 2016 watafiti wa Kryptowire, kampuni ya usalama wa simu, walikuta programu ya kampuni ya Adups kwenye simu za Android za bei nafuu zilizouzwa Marekani, ikituma ujumbe mfupi wa wenye simu kwenye seva za China kila saa 72. Mwenye simu hana habari. Halafu kuna mdudu anayeitwa Triada. Mwaka 2019 Google wenyewe walithibitisha kwamba ilipachikwa ndani ya mfumo wa baadhi ya simu kupitia mkandarasi, kabla hazijamfikia mnunuzi.

Sasa twende kwenye meza yangu. Mteja anakuja: fundi, bando linayeyuka, matangazo yanajifungua yenyewe hata nikiwa sijashika simu. Namfomatia. Kesho yake yuko mlangoni. Kwa nini? Kufomati kunafuta vitu vyako wewe, sehemu ya mfumo haiguswi, na mdudu kalala hukohuko. Dawa ni kuflashi, yaani kuuandika upya mfumo wote wa simu kwa faili safi. Mfumo safi unautoa wapi, wakati jina lililoandikwa mgongoni halina hata tovuti? Unaokota faili la bodi inayofanana, unaflashi, simu inawaka vizuri, ila picha iko miguu juu au kioo hakisikii kidole. Unarudi mwanzo. Nimeshalala saa nane usiku kwa simu moja ambayo malipo yake hayafiki hata thamani ya usingizi.

Kwa hiyo mimi nasema zima. Zikikosa laini, zitakosa soko.

Muuzaji

Kila mada ya simu, mbuzi wa kafara ni muuza simu. Haya. Mteja anaingia na hela yake kidogo, namwonyesha simu yenye gigabaiti 32, jina linajulikana. Anaisukuma pembeni, "hakuna ya 256 kwa bei hiyohiyo?" Namwambia kwa bei hiyo haipo ya kweli. Anaenda kwa jirani, jirani anayo. Nani kamdanganya nani hapo?

Mnaotaka kuzima mnadhani watu watahamia simu nzuri. Watarudi kwenye kitochi. Mwanafunzi anayesomea kwenye simu hiyohiyo mbovu atakuwa amekatwa.

Mchangiaji

Jirani anayo, na wewe huna? 😂 Tuanzie hapo.

Muuzaji

Nilikuwa nazo. Nimeacha.

Mwenye simu iliyokufa mtandao

Fundi, hoja ya IMEI ina upande ambao umeupitia kwa mbio. Simu yangu ilikuwa halali, boksi ninalo, namba imeandikwa. Ikaanza kuganda kwenye logo: inawaka, inaonyesha jina lake, inazima, inawaka tena, usiku kucha. Nikapeleka kwa fundi, akaiflashi, ikapona. Naweka laini, hakuna mtandao. Nabonyeza *#06#, inaniambia namba batili. Kumbe alipoflashi alichagua kufuta kila kitu, na kwenye simu zenye chipu ya MediaTek ukifanya hivyo unafagia mpaka kile kichumba cha NVRAM kinachotunza IMEI. Akaniambia "subiri dakika mbili", akaandika namba. Nimefika nyumbani nalinganisha na boksi, siyo yangu. Kaokota namba anayoijua yeye.

Kwa hiyo simu halali imegeuzwa feki mezani kwa fundi. Ingekuja operesheni ya kuzima, ningezimwa mimi na risiti yangu mkononi. Na si ajabu zile mbili zako zenye namba moja zilipitia kwa fundi mmoja.

Fundi

Hapo umenigusa pabaya, nakubali. Fundi anayejua kazi anahifadhi nakala ya NVRAM kabla ya kugusa chochote, na anachagua kuflashi bila kufuta yote. Rudi kwake na boksi, arudishe namba ileile iliyoandikwa pale. Kuweka namba nyingine, nchi nyingi ni kosa la jinai, kwake na pengine hata kwako.

Mchangiaji mwingine

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Ya kwangu mfuniko wa nyuma umeachia upande mmoja na kioo kimeinuka. Chaji inapanda mpaka 100, ikifika 40 inazima ghafla. Naweza kuiflashi?

Fundi

Betri imevimba hiyo, kuflashi hakuhusiki. Izime, usiichaji hata mara moja, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Peleka ikatolewe. Na ukiwekewa mpya usidanganyike na namba kubwa. Betri inayoingia kwenye nafasi ileile, nyepesi kuliko ya zamani, halafu imeandikwa uwezo mara mbili, hiyo ni stika.

Mdau wa mitandao

Wote mnaongea kana kwamba simu inafungiwa kwa ufeki tu. Angalieni Australia. Walipomaliza kuzima 3G kuanzia Oktoba 28, 2024, mitandao ilibanwa kisheria isihudumie simu isiyoweza kupiga namba ya dharura kupitia 4G. Kati ya zilizofungiwa zilikuwemo simu halali kabisa, IMEI safi, nyingine zimeagizwa kutoka nje. Zilikuwa na intaneti ya 4G nzuri tu, ila ukipiga namba ya dharura zinashuka kutafuta 3G, na 3G haipo. Mtu anafungua video vizuri, siku nyumba inaungua anapiga, kimya.

Kwa hiyo, mleta mada, kuna kuzima kunakomwadhibu mwenye simu na kuna kuzima kunakomwokoa. Ukiweka vyote kapu moja hoja yako inavuja. Na kabla hujaagiza simu, usiishie kusoma "4G". Soma namba za masafa. Simu inaweza kuwa 4G kweli, lakini ya masafa ya soko jingine. Ukifika kwako inashika mjini, ukitoka kilomita chache inabaki na E, ule mtandao wa zamani wa polepole. Watu wanaflashi simu za aina hiyo wiki nzima wakidhani ni ugonjwa.

Mleta mada

Nimesoma yote, hata yaliyoniuma. Kwenye la dharura nanyoosha mikono. Simu isiyoweza kuita msaada, mwenyewe aambiwe mapema, apewe muda, kisha ifungwe. Sina la kutetea pale.

Kwenye wadudu wa ndani ya mfumo, fundi, umenitisha lakini hujanishawishi. Ukiikata laini ile simu, mwenyewe ataiunganisha na WiFi, na mdudu ataendelea kusoma picha zake na nywila zake kama kawaida. Umezima kupiga simu tu, wizi hujauzima. Na ile ya Adups haikuwa kwenye simu feki. Zilikuwa na kampuni inayojulikana, na IMEI zake, zikauzwa madukani mchana kweupe. Chujio lako la IMEI lingezipitisha huku linatabasamu.

La namba kufanana ndilo gumu, nakiri. Lakini India kabla ya kufunga waliweka utaratibu wa mwenye simu isiyo na IMEI kwenda kuwekewa namba halali kwa ada ndogo. Mtu alipewa mlango wa kutokea. Fungia zinazoingia kuanzia leo, hizo sawa. Zilizoko mikononi mwa watu ziandikishwe, zenye namba mbovu zipewe namba, zifie mikononi mwa wenyewe kwa uzee.

Na wenzangu mlio sokoni sasa hivi: kabla hujatoa hela, fungua Play Store, gusa picha yako, mipangilio, kuhusu, uangalie kama imeandikwa kifaa kimeidhinishwa. Kisha *#06# na ulinganishe na boksi. Kisha ile programu ya kusoma vifaa vya ndani. Muuzaji akikuharakisha wakati huo, umeshapata jibu lako.

Muuzaji

Hiyo ya Play Store nakubali. Ila usifikiri kila anayekuharakisha ni tapeli, wengine tuna foleni.

Fundi

Kuandikisha na kupewa namba, sawa, ila nani atakaa kwenye hiyo meza ya kuandika namba? Ni sisi mafundi. Na wewe umeshasoma hapo juu fundi mmoja alivyoandika namba ya kuokota kwa dakika mbili. Ukitupa funguo za IMEI kihalali, wiki ya pili zitakuwa zinauzwa.

Nipe jibu la hilo nitabadili msimamo, siyo mbishi kihivyo. Kwa sasa yule mteja wa matangazo yanayojifungua amefika, anauliza kama nimeshampatia faili safi. Sijapata. Nimfomatie tena?