Naomba ushauri: daiodi ya leza ileile, wauzaji watatu, bei tatu tofauti

Mchonga_Mbao

Wakuu, heshima kwenu.

Najitengenezea kichwa cha leza ya buluu, nanomita 445, cha kuchorea kwenye mbao na ngozi. Fremu na mota ninazo, programu inaendesha vizuri, kilichobaki ni leza yenyewe: daiodi (kile kipande kidogo kinachotoa mwanga), draiva (saketi inayoilisha mkondo), lenzi na kipoza joto. Hapo ndipo nilipokwama. Daiodi yenye namba ileile ya Nichia, kile kiwanda cha Japani, naiona kwa wauzaji watatu. Wa pili anauza mara mbili ya wa kwanza, wa tatu karibu mara nne. Wawili wa mwanzo wameweka picha ileile moja, mpaka kivuli chake. Lenzi nazo hivyohivyo, na kwenye draiva ndiyo balaa kabisa.

Sina shida ya kulipa zaidi kama kuna kitu ninacholipia. Ninachotaka kukijua ni hicho kitu chenyewe. Wa bei ya juu anauza jina tu, au wa bei ya chini ananiuzia kitu kingine kabisa? Wenye uzoefu naombeni mnifumbue macho kabla sijaagiza.

FundiSaketi

Mkuu, karibu. Jibu linaanzia mbali kidogo.

Daiodi nyingi za buluu tunazozichezea hazikutengenezwa kwa ajili yetu, zilitengenezwa kwa ajili ya projekta. Zamani buluu ilipatikana kwa njia ya mzunguko: fuwele moja inatoa nanomita 946, halafu fuwele ya pili inaufanya huo urefu wa wimbi kuwa nusu, unapata 473. Ilikuwa ghali na nguvu yake ndogo. Mwaka 2010 Casio walipotoa projekta zinazotumia leza, wapenzi wa leza wakagundua kwamba ndani ya moja mna daiodi 24 za buluu, kila moja karibu wati nzima. Ikawa watu wananunua projekta nzima, wanaifungua, wanauza daiodi mojamoja. Bei ya buluu ikaporomoka, na biashara hiyo ya kung'oa inaendelea hadi leo.

Kwa hiyo namba moja inaweza kuwa vitu viwili: daiodi mpya, au daiodi iliyong'olewa kwenye mashine. Iliyong'olewa si lazima iwe mbovu, mimi mwenyewe ninazo na zinafanya kazi. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye imewaka saa ngapi, wala aliyeing'oa alitumia joto kiasi gani, wala kama mkono wake ulikuwa na umeme tuli.

Ikikufikia, chukua kioo cha kukuzia uiangalie. Mpya ina miguu mirefu inayolingana, inang'aa mpaka nchani. Iliyong'olewa miguu yake ni mifupi, mara nyingi imekatwa kwa mshazari, ina mabaki ya risasi ya kulehemu, na ukingo wa kile kisahani cha chini una mikwaruzo ya koleo. Muuzaji mwaminifu anaandika wazi kwamba zimeng'olewa na anashusha bei. Mwingine anakaa kimya, na hapo ndipo bei zinapoanza kuchanganya watu.

Sasa huyo wako wa tatu: ameweka grafu ya mkondo na nguvu ya mwanga?

Mchonga_Mbao

Ndiyo mkuu. Anasema kila daiodi anaipima, na grafu ya ile utakayotumiwa anakupa kabisa.

FundiSaketi

Basi hapo unalipia kitu halisi. Daiodi nzima ukiipandishia mkondo polepole, mwanzoni inatoa mwanga hafifu tu kama taa ya LED. Ikifika kizingiti chake, nguvu inapanda ghafla kwa mstari ulionyooka. Iliyojeruhiwa na umeme tuli inawaka vilevile, kwa macho unaweza kudhani ni nzima, lakini kizingiti kimesogea mbali au hakipo tena. Inabaki kuwa LED ya bei mbaya. Kwa picha huwezi kuligundua hilo. Kinachohitajika ni kipima nguvu cha leza, kifaa ambacho si cha bei ndogo, na mtu wa kukaa mezani akipima mojamoja. Zitakazofeli anazitupa, na hasara yake inaingia kwenye bei ya zile zinazobaki.

Wa bei ya chini anakuuzia bahati nasibu. Ikitoka mbovu, yeye hakuahidi kitu.

MzeeWaSolda

Naheshimu maelezo hayo ila nina langu la kusema. Si kila bei ya juu ina kipimo nyuma yake. Kuna wauzaji wananunua kwa yule yule wa bei ya chini, wanabandika picha nzuri na kuongeza bei. Viwanda vya daiodi kwa kawaida haviuzi mojamoja kwa mtu binafsi, mzigo unapita kwa wakala, kwa mnunuzi wa jumla, halafu kwa muuzaji wa rejareja, na kila mkono unachukua chake. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, makato ya duka la mtandaoni. Mwanangu, usimwamini mtu kwa sababu bei yake inauma. Muulize maswali matatu: ni mpya au imeng'olewa? Umeipima wewe mwenyewe, kwa mkondo gani? Ikifika haiwaki, tunafanyaje? Anayejibu kwa namba, nunua kwake hata kama si wa bei ya juu kabisa. Anayejibu "ubora wa hali ya juu", muache.

FundiSaketi

Mzee wangu, hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja.

BintiOptiki

Wakuu, mmemaliza daiodi, mimi nizungumzie lenzi, maana huko watu wanapoteza fedha bila kujua.

Lenzi ya plastiki ndiyo ya bei ya chini kabisa. Kwa miliwati chache inatosha. Kwa wati kadhaa za buluu itapikika. Ukija kwenye vioo, kuna ya kipande kimoja na kuna ya vipande vitatu. Uso wa kioo usiopakwa utando wa kuzuia mwanga kurudi unarudisha karibu asilimia 4. Kipande kimoja kina nyuso mbili, vitatu vina nyuso sita. Zidisha 0.96 mara sita: unabaki na asilimia 78 hivi ya mwanga wako. Yaani katika wati 5 ulizolipia, zaidi ya moja inapotelea ndani ya lenzi na kugeuka joto na mwanga wa kuzagaa. Sasa tazama lenzi mbili zenye umbo moja na uzi uleule wa M9 kwa 0.5 (kipenyo milimita 9, hatua ya uzi nusu milimita), moja imepakwa utando uliopimwa kwa 445, nyingine haikupakwa au imepakwa utando wa nyekundu. Kwenye picha ni mapacha. Tofauti ya bei iko kwenye utando.

Kwa kuchora mbao ningechukua ya kipande kimoja yenye utando wa buluu. Inapitisha nguvu nyingi zaidi, japo inaacha mwanga kidogo pembeni ya doa. Ya vipande vitatu doa lake ni safi zaidi lakini nguvu inapungua. Kwa kazi yako nguvu ndiyo inayokata.

Mchonga_Mbao

Asante sana dada, hili la utando sikulijua kabisa. Swali jingine: nimeona moduli nzima iliyokwisha kuunganishwa, wameandika wati 40, na bei yake ni ndogo kuliko daiodi ya yule wa tatu peke yake. Inawezekanaje?

BintiOptiki

Hizo wati 40 ni za umeme unaoingia, si za mwanga unaotoka. Mara nyingi kinachotoka ni wati 5 hivi. Daiodi moja ya buluu kwenye ganda la chuma la milimita 9, kwa zilizopo sokoni, hutoa kiasi cha wati 5 hadi 7 za mwanga. Moduli yenye wati 20 za kweli ina daiodi nne ndani, miale yake imeunganishwa kwa vioo vidogo vinavyopangwa kwa usahihi mkubwa, na kupanga huko ni kazi ya gharama. Kwa hiyo ukiona "wati 40" halafu moduli ni ndogo, ina daiodi moja na feni moja, umeshajua unachouziwa. Tafuta neno "nguvu ya mwanga" kwenye maelezo. Lisipokuwepo, uliza. Linganisha bei kwa wati ya mwanga, hapo utashangaa jinsi zinavyosogeleana.

NuruKali

Na isiwe buluu tu, kwenye nyekundu ni hivyohivyo. Daiodi ya nanomita 638 ni ghali kuliko ya 660 kwa nguvu ileile, wengine wanadhani wanaibiwa. Jicho la binadamu linaiona 638 kuwa kali karibu mara tatu ya 660. Kwa maonyesho ya taa hilo ni jambo kubwa.

MzeeWaSolda

Draiva bado hatujaigusa. Mwanangu, ugavi wako ni volti ngapi?

Mchonga_Mbao

Volti 12 mzee wangu, na ningependa kwenda kama ampea 2.

MzeeWaSolda

Daiodi ya buluu inakula volti 4.5 hivi. Ukitumia draiva ya bei ya chini ya aina ya LM317, kile kidhibiti volti cha kawaida, volti 7.5 zilizobaki zinaungua kama joto: mara ampea 2, ni wati 15 za joto kwenye kipande kidogo ambacho hakikupangiwa mzigo huo. Inakubidi ya kubadilisha volti, siyo ya kuchoma ziada. Halafu iwe na kuwaka polepole, na iwe na mlango wa PWM (ishara ya kuwasha na kuzima haraka ili kupandisha au kushusha nguvu) wenye kasi, la sivyo picha zako zitatoka na kingo zilizoungua. Hivyo vyote ni vipuri vya ziada kwenye bodi, ndiyo maana moja ni ghali na nyingine siyo. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye kipoza joto. Alumini inatosha kichwa chenye feni, shaba nyekundu hailazimiki hapo. Kwenye draiva usibane.

FundiSaketi

Na kwenye miwani usibane hata kidogo. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima vimulimuli 122 vya leza, vile vya mkononi vya kuelekezea: asilimia 90 ya vya kijani na 44 ya vyekundu havikufuata kanuni za usalama. Lebo ya leza haiaminiki kirahisi, na ya miwani ni vilevile. Plastiki ya rangi ya chungwa isiyo na maandishi yoyote si miwani ya kinga. Inayofaa imeandikwa masafa ya nanomita na kiwango chake, na kwa Ulaya kuna alama ya EN 207. OD ni kipimo cha jinsi miwani inavyozuia mwanga; OD 4 kwenye 445 maana yake inapitisha sehemu moja ya 10,000: wati 5 zinakuwa nusu miliwati.

Mchonga_Mbao

Wakuu nimewaelewa. Nimemuuliza yule wa kwanza maswali ya mzee, amejibu "ubora wa hali ya juu". Wa pili amesema zimeng'olewa, hajapima, ila anarudisha fedha. Nachukua kwa wa tatu daiodi na draiva, lenzi ya kipande kimoja yenye utando, kipoza joto cha alumini, na miwani nanunua kwa muuzaji anayeonyesha cheti. Kuna cha kuangalia vitakapofika?

MzeeWaSolda

Draiva isikutane na daiodi siku ya kwanza. Tengeneza mzigo wa majaribio: daiodi sita za kawaida (si za leza) za kuhimili ampea 3, mfululizo, pamoja na rezista ya ohm 1 ya wati 10. Washa, pima volti kwenye hiyo rezista. Ukisoma volti 1.8, mkondo ni ampea 1.8. Rekebisha mpaka ufike unapotaka, zima, subiri, kisha gusanisha nyaya za kutokea ili kapasita imwage chaji yote. Hapo ndipo ulehemu leza, mkono ukiwa na mkanda wa kuondoa umeme tuli. Watu wengi wameua daiodi nzima kwa chaji iliyobaki kwenye kapasita, wakamlaumu muuzaji.