Naomba ushauri: Nelson alishinda Trafalgar kwa mbinu zake au kwa udhaifu wa adui?

Wakuu, naombeni msaada. Natakiwa kuzungumza kazini kuhusu uongozi, nami nikamchagua Admirali Horatio Nelson wa jeshi la majini la Uingereza. Sasa nimekwama.

Kinachonivutia si ujasiri wake, ni jinsi alivyowaamini manahodha wake. Kabla ya mapigano ya baharini ya Trafalgar, karibu na Hispania, dhidi ya Wafaransa na Wahispania, tarehe 21 Oktoba 1805, aliwakaribisha mezani kwake akawaeleza mpango mapema: badala ya kujipanga sambamba na adui kama ilivyozoeleka, wangeingia kwa safu mbili na kuukata mstari wake. Moshi wa mizinga ukitanda, bendera za ishara hazionekani tena, kwa hiyo kila nahodha alipaswa kujua la kufanya bila kungoja amri. Hata kwenye mapigano ya Nile, kule Misri, mwaka 1798, Thomas Foley, nahodha wake wa manowari Goliath, alipita upande wa nchi kavu wa manowari za Wafaransa zilizotia nanga, ambako hawakuwa wamejiandaa.

Lakini rafiki yangu, mbishi kweli kweli, anasema manowari 27 za Nelson zilizishinda 33 za adui kwa sababu Wafaransa na Wahispania walikuwa wamezuiwa bandarini muda mrefu, wapiga mizinga wao hawana mazoezi. Ana hoja. Kumwendea adui moja kwa moja, tena kwa upepo hafifu, ni kujianika kwa mizinga yake.

Je, niutetee mpango wenyewe, au niseme alimjua adui yake ndipo akathubutu? Na kisa cha mapigano ya Copenhagen, Denmark, 1801, alipopuuza ishara ya mkubwa wake ya kuacha mapigano, nikitaje mbele ya mabosi au nikiache?